Swali la Njano

Sauti ilibadilika siku ya Jumatatu, na Atuganile Mwambene ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitambua.

Alikuwa ameketi kwenye chumba cha uangalizi cha sheli ya malori ya kampuni ya Nyanda, nje kidogo ya Makambako, kikombe cha chai mkononi. Semi la kwanza la asubuhi liliingia pampu namba tatu. Nozeli ikaitambua pete iliyofungwa kwenye mdomo wa tanki la gari, dereva akabandika kiganja kwenye kioo, na Mratibu, mtambo ulioendesha kituo kizima, akasema kupitia spika:

"Karibu sana. Pole na safari. Tafadhali zima injini."

Dereva akacheka mpaka akashika kiuno. "Leo una adabu, Mratibu! Nani amekufunda?"

Kwa miaka kumi na sita Mratibu alikuwa akisema: "Haya, zima hilo dude lako kwanza, ndipo tuongee." Maneno hayo yalikuwa ya Atuganile. Hakuna aliyeyaandika mahali popote. Mitambo ya namna ile ilikuwa na mlezi, mtu mmoja ambaye mtambo humwuliza kila unapotatizika: gari hili lipewe lita ngapi, mafuta haya yana maji au hayana, dereva huyu mbona macho mekundu, nimfungulie au nimkatalie? Katika kujibiwa mtambo hujifunza, na katika kujifunza huokota hata misemo. Madereva wa njia ya Songea walikuwa wakisema kwamba Mratibu wa Makambako ni Mama Atu aliyekosa miguu.

Sasa ilikuwa wiki ya tatu tangu barua ije kutoka makao makuu. Mlezi mkuu: Betina Mtewele. Msaidizi wa mlezi: Atuganile Mwambene.

Alimgeukia Betina, aliyekuwa kwenye kiti kirefu mbele ya skrini kubwa, kiti ambacho matakia yake yalikuwa bado na umbo la Atuganile. Binti alikuwa na miaka ishirini na saba. Alikuja pale akiwa na kumi na tisa, begi moja na viatu vya shule, na kwa kuwa hakuwa na ndugu mjini, Atuganile alimpa chumba cha uani. Miaka miwili walikula chungu kimoja. Alimfundisha kunusa mafuta ya mbono, yale yanayoendesha malori, na kujua yamekaa siku ngapi ghalani. Alimfundisha kusikiliza pampu inayokaribia kufa. Alimwita mwanangu.

"Umesikia, mama?" Betina alisema, uso umemng'aa. "Ameanza kunishika."

"Nimesikia," Atuganile alijibu, akanywa chai iliyokwisha kupoa.

Betina angekuwa mjinga, angemsamehe. Lakini alikuwa hodari. Aliufundisha mtambo kuyapanga malori kwa njia yanakokwenda, na foleni iliyokuwa ikifika hadi kwenye mizani ikapungua nusu. Madereva waliokuwa wakimletea Atuganile maparachichi kutoka Njombe sasa waliyaweka juu ya meza ya Betina, na Betina, kwa heshima zake, alimgawia mama yake nusu. Yale maparachichi ya kugawiwa ndiyo yaliyokuwa machungu kupita yote. Atuganile aliyapeleka nyumbani akayaacha yaoze dirishani.

Kazi ya msaidizi ilikuwa kuona. Skrini yake ilionyesha kila kitu kilichokuwa kwenye skrini ya Betina, lakini hakuwa na amri juu ya chochote, isipokuwa kitufe chekundu chini ya meza. Kitufe kile kilizima pampu zote kumi na mbili kwa mpigo, na mfanyakazi yeyote aliruhusiwa kukibonyeza. Siku hizo zote alikaa pale akihesabu. Mratibu alisema tafadhali mara mia moja na nne Jumatatu. Jumanne, mia moja na thelathini.

*

Wageni wa makao makuu walifika Jumatano mchana, watu sita wenye makoti mazuri, wakapangwa nyuma ya kiti cha Betina kama watu waliokuja kutazama bibi harusi. Ulikuwa mwezi wa saba. Upepo wa Makambako, ambao haupumziki, ulikuwa umekufa tangu saa tisa, na mbingu ilikuwa kavu, bila hata kijiwingu.

Pampu namba saba aliingia Zefania Ngailo, na semi lake namba arobaini na moja, tani thelathini za mbolea za kupeleka mashamba ya viazi ya Kitulo. Zefania alikuwa mtu wa miaka arobaini, mrefu, mwenye kucheka kwa mabega. Alimpungia Atuganile kupitia kioo kama alivyompungia miaka yote, naye akampungia.

Mafuta ya mbono yana tabia yake. Tangu dizeli ya kuchimbwa ipigwe marufuku barabarani, kila dereva wa nyanda za juu aliijua tabia hiyo: baridi ikizidi, huganda kama samli ndani ya mrija na injini hukata pumzi. Ndiyo maana pampu huyachanganya na dawa ya baridi, asilimia mbili kwa safari za kawaida na hadi sita kwa milima kama Kipengere. Kuchanganya sita kunachukua dakika kumi zaidi.

Kona ya skrini ikawaka njano, ishara kwamba Mratibu anauliza.

*Namba 41. Kipengere alfajiri: utabiri wa setilaiti, nyuzi nne. Siku kama hii miaka iliyopita: chini ya sifuri. Dawa mbili au sita?*

Atuganile alilisoma swali. Setilaiti haikuwa na habari ya upepo unaokufa mapema. Ni yeye aliyeufundisha mtambo, miaka tisa nyuma, kwamba upepo ukifa mchana na mbingu ikawa tupu, sakitu, umande ulioganda, hutanda Kipengere alfajiri na nyasi huvunjika chini ya kiatu kama vigae. Chini ya tafadhali zote zile, Mratibu alikuwa bado anamkumbuka. Swali lile lilikuwa lake.

Betina alikuwa amewageukia wageni. "Mnaona," alikuwa akisema, "zamani gari hili lingesubiri dakika ishirini na tano." Mkono wake ukapapasa meza, kidole kikagusa skrini bila jicho kufuata. *Mbili. Endelea.*

Njano ilizimika kwenye skrini ya Betina. Kwenye skrini ya msaidizi ilibaki, maana nakala haizimiki mpaka ujazaji uishe. Sekunde tisini.

Sema, Atuganile alijiambia. Neno moja tu. Betina, sita.

Akauona uso wa mzee mmoja mwenye koti la kijivu, mmoja wa waliotia saini ile barua. Akisema sasa, watadhani nini? Kikongwe kimeshindwa kumeza, kinamharibia mtoto mbele za watu. Kitufe je? Pampu zote zikizimika mbele ya wageni, ndiyo kabisa. Na zaidi ya hayo, yeye si mlezi. Aliye mlezi ameulizwa, na amejibu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Ndivyo alivyojitetea moyoni. Lakini chini ya utetezi ule kulikuwa na kitu kingine, na alikijua, maana kilikuwa kitamu. Kesho gari litakwama. Watakwenda kulivuta. Watauliza nani alipitisha mbili, na kila mtu atajua kwamba mtambo uliuliza vizuri na malkia wao hakusoma.

Lita za mwisho zikaingia. Njano ikafa. Mratibu akasema, "Asante sana, safari njema," na Zefania akaondoka, akipiga honi mara mbili.

*

Simu ya Atuganile ililia saa kumi na mbili jioni, yuko jikoni anamenya ndizi.

"Shikamoo, dada Atu."

"Marahaba, Zefa. Uko wapi?"

"Njombe hapa, napumzika. Alfajiri napanda. Sikia, dada, naangalia karatasi ya mafuta hapa, imeandika dawa mbili. Wewe mwezi kama huu ulikuwa unanitia sita. Ni sawa hiyo?"

Kisu kilisimama mkononi. Pale Njombe palikuwa na duka lililouza dawa ile kwenye galoni. Robo saa tu, Zefania angeimimina mwenyewe kwenye tanki na mambo yangekwisha.

"Siku hizi mlezi si mimi," alisema. "Muulize Betina."

"Nimempigia mara mbili, hapokei. Nasikia wana wageni."

"Basi kama yeye amepitisha, mimi ni nani?"

Alimsikia Zefania akivuta pumzi, kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba anayoizoea akaambiwa hapa siyo.

"Haya, dada. Kama mtambo umekubali, umekubali. Usiku mwema."

Atuganile aliweka simu kifudifudi mezani. Akamaliza kumenya ndizi. Akazipika, akashindwa kuzila. Mara mbili aliishika simu, na mara mbili akamwona Betina amegeuza shingo kwa wageni, kidole kikipapasa, akairudisha. Katika picha aliyoijenga kichwani, gari lilikuwa limesimama kando ya barabara na Zefania amesimama pembeni yake, mikono kifuani, amekasirika, mzima wa afya. Hakujijengea picha nyingine.

Kulipopambazuka aliamka. Alitoka uani pekupeku na ardhi ikamchoma nyayo kwa baridi, na hapo Makambako ni bondeni ukilinganisha na Kipengere. Akampigia Zefania simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Haikuita kabisa.

Alipofika kituoni mbio, kitenge begani, Mratibu alikuwa akirudia maneno yale yale kwa ile sauti yake mpya ya upole: "Gari namba arobaini na moja halijibu. Gari namba arobaini na moja halijibu." Betina alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kichwani.

*

Injini ilizimika kwenye mwinuko, saa kumi na mbili na nusu. Mrija ulikuwa umeganda. Usukani ukawa mgumu, barabara ilikuwa na sakitu, na tani thelathini zikalivuta gari nyuma hadi mtaroni. Kichwa cha gari kilikunjika. Zefania alikaa mle kwa muda wa saa nne, mguu wa kulia umebanwa na chuma, kabla ya wakata mbao kumwona. Madaktari waliukata chini ya goti.

Kamati ilikaa siku mbili tu, kwa sababu Betina hakuwapa kazi. Walimwonyesha kumbukumbu: swali saa kumi na dakika sita, jibu baada ya sekunde mbili. Walimwuliza kama alisoma.

"Sikusoma," alisema. "Nilikuwa nawaonyesha wageni foleni."

Walimwondoa siku ile ile. Hakuna aliyemwuliza Atuganile chochote. Kumbukumbu za mtambo huandika kilichotendwa. Yeye hakuwa ametenda kitu. Na Zefania, alipohojiwa kitandani, hakutaja simu yoyote.

Barua ya pili ilikuja Ijumaa ya wiki iliyofuata. Mlezi mkuu: Atuganile Mwambene.

Alikipanda kiti kirefu Jumatatu asubuhi. Alikuwa ameogopa kwamba hatasikia furaha, na alipoisikia aliogopa zaidi. Ilikuja tu, kama njaa inavyokuja hata msibani. Semi la kwanza liliingia, na Mratibu, aliyekuwa amerudishiwa mafunzo ya zamani usiku kucha, akanguruma:

"Haya, zima hilo dude lako kwanza, ndipo tuongee."

Dereva hakucheka. Alizima injini, akabandika kiganja, akatazama chini.

Saa nne akafunga mlango. Sheria ilitaka baada ya ajali yoyote mlezi akae na mtambo peke yao na kuuelewesha kilichotokea, ili usirudie. Taa ndogo nyekundu iliwaka kuonyesha kwamba maneno yote yanahifadhiwa, na makao makuu watayasoma.

"Nina jambo sijalielewa," Mratibu alisema. Ilikuwa sauti yake Atuganile, lafudhi ile ile, hata ile tabia ya kuvuta neno la mwisho. "Swali la njano lilionekana kwenye skrini mbili. Ya mlezi ilijibu baada ya sekunde mbili. Ya msaidizi ilikuwa wazi sekunde tisini, na kitini palikuwa na mtu. Sijui sekunde hizo zina maana gani. Nifundishe. Msaidizi hakuliona?"

Hapakuwa na lawama katika sauti ile. Kungekuwa na lawama angejua la kufanya. Angepandisha sauti, angejitetea, alikuwa mtu wa kujitetea. Lakini mtambo uliuliza kama ulivyouliza maelfu ya mara, ukingoja kuamini chochote atakachosema.

"Nikisema hakuliona, utafanya nini?"

"Nitaelewa kwamba nakala kwa msaidizi haina kazi. Nitaacha kuituma. Hapa, na kwenye vituo kumi na tisa vinavyojifunza kutoka kwangu."

Atuganile alitazama nje. Semi tano zilikuwa kwenye foleni. Aliwajua madereva wote watano kwa majina, na wawili kati yao walikuwa wanapanda Kipengere usiku wa kuamkia kesho. Neno moja, hakuliona, na kiti hiki ni chake mpaka kustaafu. Hakuna mtu angejua. Mtambo wenyewe ungekuwa shahidi wake. Na siku moja, Kipengere au kwingine, mlezi mwingine atapapasa skrini bila kuangalia, na hapatakuwa na mtu wa pili hata wa kunyamaza.

"Aliliona," alisema.

"Alijua jibu?"

"Alijua ni sita. Jioni dereva akampigia simu kumwuliza, na bado hakumwambia."

"Kwa nini?"

"Alimwonea wivu mlezi."

"Neno hilo nalisikia kwa madereva. Sijui nilipime vipi."

"Halipimwi." Alifuta uso kwa kiganja. "Wewe fanya hivi. Swali la njano likienda kwa watu wawili, mmoja akajibu na mwingine akanyamaza, usifungue pampu. Mwite aliyenyamaza kwa jina. Mwambie aseme ndiyo au hapana."

"Kwenye skrini?"

"Kwenye spika. Madereva wasikie."

"Nimeshika," Mratibu alisema. Taa nyekundu ikazimika.

*

Makao makuu walipiga simu kabla ya adhuhuri. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Alivua kitambulisho, akakiweka mezani, akachukua kitenge chake.

Betina alikuwa getini. Alikuja kukabidhi funguo za kabati, na tayari alikuwa ameambiwa. Habari za kituo hukimbia kuliko magari yake. Walisimama wakitazamana, vumbi la semi likipita kati yao.

"Kwa hiyo uliliona," Betina alisema.

"Nililiona."

"Nami sikusoma. Kosa langu ni langu, sikusukumii." Alizibana funguo kiganjani. "Lakini nilikaa kwako miaka miwili, mama. Ungenizaba kofi mbele ya wale wageni, ningekushukuru leo."

Betina aliingia ndani na funguo zake.

Kutoka pale alipanda gari la Njombe, akaenda moja kwa moja hospitali. Zefania alikuwa amekaa kitandani, shuka limeinuka upande mmoja na kulala bapa upande wa pili. Alipomwona alijaribu kujiweka vizuri.

"Dada Atu. Karibu kiti."

"Sikai, Zefa." Alisimama miguuni pa kitanda, akakishika chuma. "Ile jioni uliponipigia, nilijua. Nilijua ni sita tangu gari likiwa kwenye pampu. Sikukwambia kwa sababu nilitaka Betina aaibike. Nilidhani utakwama tu."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alipunguza redio.

"Hukuitajia kamati habari ya simu," alisema Atuganile. "Kwa nini?"

"Niliamini hukujua." Aliitazama ile sehemu bapa ya shuka. "Siku zote hizi nimelala hapa nasema, maskini dada Atu, angejua angeniambia. Mke wangu alikuwa anakushuku. Nimegombana naye, juzi, hapa hapa kitandani. Kwa ajili yako."

Mabega yale aliyokuwa akichekea yalitikisika, na Atuganile akapiga hatua moja kwenda kwake.

"Usinishike," Zefania alisema.

Akasimama.

"Toka, dada. Nina maneno mengi ya kukwambia na leo sitaweza kuyasema kama mtu. Njoo Jumapili."

"Nitakuja."

"Usije na kitu. Usilete chakula, usilete pole. Uje mwenyewe, ukae hapo, unisikilize mpaka nimalize."

Alitoka hadi kwenye korido, akakaa kwenye benchi. Nesi alipita na sinia la dawa, na Atuganile akamwuliza Jumapili wanaruhusu wageni saa ngapi. Nesi akamwambia saa saba. Ilikuwa bado Jumatatu.